Ng'ambo ya Daraja la Kyaka

Mpaka wa Tanzania na Uganda magharibi ya Ziwa Victoria haukufuata mto wala safu ya milima. Wajerumani na Waingereza walikubaliana juu yake mwaka 1890, wakiwa huko kwao Ulaya, wakaupitisha kwenye latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta, na mstari huo ukakata nyasi, vinamasi na misitu ya watu ambao hawakuulizwa lolote. Mto Kagera, ambao mgeni akiuona hudhani ndio mpaka wenyewe, unapita kusini zaidi: unaingia Tanzania, unajipinda kwenye tambarare za Kyaka, kisha unageukia kaskazini-mashariki na kumwaga maji yake ziwani ukiwa umekwisha kuingia Uganda. Kipande cha nchi kilichobaki kati ya mto na mstari, chenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,800, ndicho ambacho Idi Amin, mtawala wa Uganda, alitangaza tarehe 1 Novemba 1978 kwamba amekitwaa. Hoja yake ilikuwa kwamba mpaka wa haki ni mto.

Sisi tuliokulia mikoa mingine tulifundishwa habari hii kama kisa cha ushindi. Tulijua kwamba siku iliyofuata Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa na kusema kuwa uwezo, sababu na nia ya kumpiga mvamizi tunazo. Tulijua kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Na nyumbani tulisikia wazazi wakikumbuka miezi 18 ya kufunga mkanda ambayo, kwa maneno yao, haikumalizika hata ilipokwisha. Kwetu vita vilikuwa foleni ya sabuni na sukari. Mkoa wenyewe, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera mwaka huo huo wa 1979, na nadhani tangu hapo wengi wetu hatujaweza kulitaja jina hilo bila kusikia mizinga kwa mbali. Nilipopata nafasi ya kwenda, kwa mwaliko wa rafiki niliyesoma naye chuo ambaye kwao ni wilaya ya Missenyi, huko huko mpakani, nilikwenda kama watu wengi wanavyokwenda: nikiwa na orodha ya mahali pa vita ninapotaka kupaona.

Barabara ya lami kutoka Bukoba hadi Mutukula mpakani, yenye urefu wa takriban kilomita 80, inatosha kumfanya mtu asahau orodha ya namna hiyo. Inapita kwenye nchi ya aina mbili zinazopokezana. Kuna vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, ambamo migomba imesimama juu ya mibuni, mibuni juu ya maharage, na ardhi yote imefunikwa matandazo ya nyasi kavu hivi kwamba ni nadra kuona udongo ukiwa wazi. Halafu, ghafla, migomba inakoma na kinaanza rweya, uwanda wa nyasi fupi na udongo hafifu unaopanda na kushuka mpaka macho yanachoka, na vijiji vinaonekana humo kama visiwa vya kijani iliyokolea. Rafiki yangu alinieleza kwamba tofauti hiyo haikuletwa na asili peke yake. Kibanja kimetengenezwa kwa vizazi vingi kwa samadi ya ng'ombe na kwa nyasi zilizokatwa rweya na kubebwa kichwani, kwa hiyo rutuba ya mahali pamoja imejengwa kwa kukusanya ya mahali pengine. Wakati ule nililichukua kama somo la kilimo tu.

Ukikaribia Kyaka unaanza kuteremka, na tambarare ya mto inafunguka mbele yako: vinamasi vya mafunjo, mashamba ya miwa ya kiwanda cha Kagera, na nyuma yake vilima vinavyoelekea Karagwe. Juu ya mteremko huo yako magofu ya kanisa la Kikatoliki lililobomolewa wakati wa vita, nayo yameachwa yabaki kama ukumbusho. Daraja liko chini. Majeshi ya Amin yalilivunja tarehe 3 Novemba 1978 ili Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lisiweze kuvuka. Ndege zao zilipojaribu na kushindwa, walimtumia mtaalamu wa baruti kutoka migodi ya shaba ya Kilembe. Nilitamani kusimama pale na kupiga picha, lakini rafiki yangu alinishauri nisitoe simu, kwa kuwa daraja lililo karibu na mpaka lina walinzi wake na maswali yake. Ushauri huo ni wa kuzingatia mahali popote pa namna hiyo. Tulivuka bila kusimama, tukaipita Bunazi, makao makuu ya wilaya, na jioni tukafika nyumbani kwa mjomba wake.

Hapo ndipo nilipojifunza zaidi, na ilichukua muda. Mzee huyo, tuliyeanza kumwita Mjomba sote wawili, hakuonyesha hamu yoyote ya kuzungumzia vita. Baada ya shikamoo na habari za safari alizungumzia bei ya kahawa. Alizungumzia ugonjwa wa mnyauko uliompunguzia migomba. Alizungumzia bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima kwenda Tanga, ambalo linaingia Tanzania katika wilaya hiyo hiyo ya Missenyi, na jinsi wathamini walivyopita kuhesabu miti ya watu mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nikisubiri mwanya. Rafiki yangu, aliyeniona, alinivuta pembeni na kuniambia kwamba wazee wa huko huulizwa swali hilo kila mwaka ifikapo Siku ya Mashujaa, na watu wenye kamera, na kwamba wamekwisha kuwa na jibu la kamera. Nikitaka jibu lingine, nikae nisikilize habari za kahawa.

Nilikaa. Kesho yake tulikuwa kibanjani tukiangalia migomba, nikauliza kwa nini upande mmoja wa shamba ulikuwa umedhoofu kuliko mwingine. Mzee akasema, kwa sauti ile ile ya kuzungumzia kahawa, kwamba upande ule haujapona tangu ng'ombe walipochukuliwa. Askari wa Amin walisomba ng'ombe wa ranchi na wa wanavijiji, wakang'oa mabati, wakabeba vyombo, wakavivusha vyote kwa malori. Jeshi liliwaondoa, watu wakarudi, lakini samadi haikurudi. "Ng'ombe akiondoka, mwanangu, kibanja kinamfuata," alisema. Ndipo nilipoielewa habari ya rweya na vibanja niliyoelezwa njiani. Hasara ya vita hivyo ilikuwa imeingia ardhini, katika udongo uliojengwa kwa mamia ya miaka, na mtu asiyejua jinsi kibanja kinavyolishwa angeweza kupita hapo akaona shamba zuri la migomba na kulisifu.

Kuanzia hapo alizungumza bila kuulizwa. Alisema kwamba wanaotoka mbali hutaka kujua watu walivyokimbia, na kwa kweli walikimbia kwa taabu: makumi ya maelfu walielekea kusini, wengine kwa mitumbwi baada ya daraja kuvunjwa, na waliobaki nyuma wengi waliuawa; makadirio yanayotajwa sana ni watu wapatao 1,500. Lakini kwake yeye kukimbia kulikuwa kwa siku chache, na kurudi kulikuwa kwa miaka. Walirudi kwenye kuta zisizo na paa. Migomba ilikuwa imejaa machipukizi yasiyopunguzwa, kahawa imeanguka na kuoza, na watoto walikatazwa kuokota chuma chochote walichokiona majanini. Chumvi hakuna, nguo hakuna. Uganda nayo ilikuwa imevurugika, na mahali penye upungufu pande zote mbili za mstari usiolindwa vizuri, magendo hayahitaji kualikwa: kahawa ilikwenda kaskazini, nguo na bidhaa za dukani zikaja kusini, na vijana waliokuwa hawana ng'ombe wa kulipia mahari wakapata fedha za haraka.

Kisha, bila kupumzika, akaingia kwenye ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, na watu wa mkoa huo waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la vitambaa vilivyopendwa sana na vilivyokuwa vikiletwa na wafanyabiashara wa magendo. Mzee alizika ndugu zake kadhaa katika miaka hiyo na kulea watoto wao. Kisha akaingia kwenye mwaka 1994, wakati maiti za mauaji ya kimbari ya Rwanda zilipoteremka na mto huo huo hadi Ziwa Victoria, ambako zilizikwa na wavuvi na wanavijiji wa upande wa Uganda, na watu wakaacha kula samaki. Mimi nimezisoma habari hizo katika vitabu tofauti: kitabu cha vita, kitabu cha afya, kitabu cha Rwanda. Mzee alizisimulia kama habari moja isiyo na vituo, na kila moja ilimtokea pale pale, kwenye kibanja kile kile. Wataalamu wana haki ya kusita kuunganisha vita na ugonjwa kwa kamba moja, kwa kuwa mambo mengi yalichangia. Hata hivyo, mtu anayezuru eneo kama hili na kumuuliza mwenyeji juu ya tukio moja tu ajue kwamba anamkatia mwenzake simulizi vipande.

Siku tuliyokwenda Mutukula, nilishangazwa kwanza na ukawaida wake. Kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa rasmi Novemba 2017 na Rais Magufuli na Rais Museveni, na tangu hapo msafiri anakaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Kwa Mtanzania wa kawaida, taratibu bado zinadai pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Tanzania haikujiunga na utaratibu wa Kenya, Uganda na Rwanda wa kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Malori yanajipanga, vijana wa kubadilisha fedha wanazunguka na vibunda vya noti za shilingi za nchi mbili, zenye jina moja na thamani tofauti, na bodaboda zinavuka na kurudi zikiwa na mikungu ya ndizi. Wakazi wa pande mbili wanaoana, wanazikana na kuulizana bei ya mahindi. Kihaya cha Kiziba, upande wa kaskazini wa Uhaya, na Kiganda vinakaribiana kiasi kwamba rafiki yangu alikuwa akihama kutoka kimoja hadi kingine katikati ya sentensi.

Mimi nilikuwa na Kiswahili tu. Katika duka dogo upande wa Uganda, bibi mmoja aliyekuwa akichambua maharage alinijibu salamu kwa adabu, kisha akanyamaza. Rafiki yangu akamwita "Jjajja", yaani bibi, akamsalimu kwa Kiganda akiwa ameinama kidogo, na mambo yakabadilika. Baadaye nilielezwa jambo ambalo Mtanzania hulisahau kwa urahisi: kwa watu wengi wa Buganda, Kiswahili kilikuwa lugha ya askari kwa muda mrefu, lugha ambayo mtu aliisikia usiku mlangoni pake. Lugha ninayoiona mimi kuwa ya udugu ilimfikia bibi huyo ikiwa imebeba bunduki, tena kutoka pande zote mbili.

Alipotuzoea, ndiye aliyenieleza habari ambayo shuleni hatukuisikia. Januari 1979 JWTZ liliiteka Mutukula, na askari, wengi wao wakiwa wameona vijiji vya Kagera vilivyoteketezwa, walilipiza. Nyumba zilisawazishwa kwa matingatinga na raia waliuawa. Yameandikwa na waliofuatilia vita hivyo kwamba Nyerere alipopata habari hizo alichukizwa, akaagiza raia na mali zao zisiguswe tena. Lakini mwezi uliofuata, baada ya Masaka kutekwa, mji huo ulibomolewa kwa kiasi kikubwa, na Mbarara nayo haikusalimika. Bibi hakulalamika aliposema hayo. Alisema pia kwamba walipofika mbele zaidi watu waliwashangilia Watanzania na kuwaita wakombozi, na kwamba yeye mwenyewe alishangilia, kwa sababu Amin alikuwa ameua wengi. Alikuwa na mambo mawili ya kusema juu ya jeshi moja, na hakuona haja ya kuyapatanisha kwa faida yangu.

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu siku ile. Naamini bado kwamba Tanzania ilikuwa na haki ya kujilinda, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini mambo ya mpaka ule hayakuanza Oktoba 1978. Septemba 1972 wafuasi wa Milton Obote, rais aliyepinduliwa na Amin, waliokuwa wamepewa hifadhi Tanzania, waliivamia Uganda wakitokea upande wetu na kushindwa. Amin akajibu kwa kutuma ndege kuishambulia Bukoba. Na Oktoba mwaka huo mkataba uliotiwa saini Mogadishu ukazitaka pande zote mbili ziondoe majeshi yao karibu na mpaka. Watu wa Missenyi na wa Mutukula walikuwa wakiishi katikati ya ugomvi wa wakubwa miaka sita kabla ya darasa letu la historia kuanza. Mgeni anayekuja na tarehe moja mkononi atashangaa kuona wenyeji hawaitumii kama mwanzo wa chochote.

Itakuwa kosa kumfanya msomaji adhani kwamba safari nzima ilikuwa ya majonzi. Msitu wa Minziro, ulio kati ya mto na mpaka na unaoungana na misitu ya Sango Bay upande wa Uganda, ni miongoni mwa mahali pazuri zaidi nilipowahi kufika. Sehemu yake kubwa hufurika maji wakati wa mvua, kwa hiyo viatu vya mpira ni vya lazima, na mbu wake hawana huruma. Humo wamo ndege na vipepeo wa jamii za misitu ya Kongo ambao hawapatikani mahali pengine popote Tanzania, na mtu ambaye hajui lolote juu ya ndege, kama mimi, anatambua tu kwamba sauti anazozisikia hazifanani na za nyumbani. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Inafaa kupata kibali na mwongozaji mapema, kwa sababu njia ni chache na mipaka ya nchi mbili haijaandikwa kwenye miti. Na ukibahatika kufika Novemba, wakati wa senene, wale panzi wanaoliwa, utaona wilaya nzima ikikesha chini ya taa, na hakuna atakayekumbuka kukuuliza umetoka wapi mpaka uonje.

Tuliporudi kusini tulipitia Kaboya, wilayani Muleba, kwenye makaburi ya askari wa Tanzania waliokufa katika vita hivyo. Pana mnara mweupe wenye majina. Nilisoma majina ya watu wa karibu kila pembe ya nchi, ya Kiislamu na ya Kikristo na ya kikwetu, nikamwuliza rafiki yangu raia wa ng'ambo ya mto wameandikwa wapi. Akasema hajui mahali walipoandikwa. Kisha tukaanza kubishana, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Yeye anataka Kyaka pajengwe makumbusho yenye kiingilio, ili magofu ya kanisa na daraja vilete fedha wilayani kabla wazee hawajaisha, na anaamini watalii wanaokwenda Bwindi kuona sokwe wangeweza kushawishiwa kuteremka huku. Mjomba wake, tulipompigia simu kumwuliza, alisema makumbusho si mabaya lakini yeye angependa kwanza mtu alete ng'ombe wa maziwa kwa mkopo. Mimi nina shaka na makumbusho yatakayosimamiwa na upande mmoja tu, kwa kuwa najua ni nani ataachwa nje ya ukuta wa picha; rafiki yangu ananijibu kwamba nikisubiri serikali mbili zikubaliane maneno ya kuandika chini ya picha, nitasubiri hadi kanisa lenyewe lianguke. Huenda ana haki.

Tumekubaliana jambo moja tu, nalo ni njia ya safari ijayo. Tutaanzia juu, Rusumo, ambako mto ni mpaka wa Tanzania na Rwanda na ambako tarehe 28 na 29 Aprili 1994 wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja katika muda wa siku moja na kujaza kambi ya Benaco wilayani Ngara. Kutoka hapo tutafuata maji kuelekea kaskazini hadi Murongo, mahali mto unapokuwa mpaka wetu na Uganda, kisha tuteremke nao hadi Kyaka. Rafiki yangu ameanza kumtafuta mwenyeji wa Ngara aliyekuwa akilima karibu na kambi hiyo, na mimi nimeanza kujifunza salamu za Kihangaza.